Usinionyeshe Urefu wa Msindano, Nionyeshe Kifua Chake

Mtu akinikaribisha kwenye shamba lake la miti huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, jambo la kwanza atakalofanya ni kuinua uso. "Ona ilivyokwenda!" Na kweli imekwenda. Misindano, yaani miti ya paini, ya miaka 12, imenyooka, kilele unakitafuta mpaka kofia inadondoka. Mimi huwa natazama chini. Natoa mfukoni futikamba ya fundi cherehani, ile ya kitambaa ya sentimita 150, nauzungushia mti mmoja usawa wa kifua, kisha wa pili, kisha wa tatu, na nikifika wa nne mwenyeji wangu ameshaanza kushuku kwamba nimetumwa na dalali.

Sijatumwa na dalali. Nataka kujua kitu ambacho urefu hausemi: siku upepo ukija na mvua, udongo umelowa, shamba hili litafanya nini?

Najua adui mkubwa wa miti huku kwetu ni moto. Kuanzia Agosti mpaka mvua za kwanza hatulali vizuri. Lakini moto una mikutano yake ya kijiji, una sheria ndogo, una barabara za kuzuia moto, una faini. Upepo hauna mkutano. Miti ikilala chini baada ya dhoruba ya Februari, watu husema ni kazi ya Mungu, wanaita mashine ya dingdong ije kuchana kinachochanika, maisha yanaendelea. Wala si kwamba Mungu hahusiki. Ila ukipita kwenye shamba lililolala na futikamba mkononi, unakuta sehemu ya maamuzi ilifanyika miaka 12 nyuma, siku ya kuchimba mashimo.

Hesabu yenyewe haihitaji chuo cha misitu. Unapima kimo cha mti, unapima kipenyo chake kwenye mita 1.3 kutoka ardhini, unaviweka vyote katika kipimo kimoja, kisha unagawa kimo kwa kipenyo. Mti wa mita 20 wenye kipenyo cha sentimita 25 unatoa 80. Mti wa mita 20 wenye kipenyo cha sentimita 20 unatoa 100. Kwa miti ya jamii ya misindano, wataalamu wa misitu wa Ulaya ya kati wametumia uwiano huu kwa miongo mingi: chini ya 80 mti unahesabika imara, juu ya 100 unahesabika dhaifu, na katikati ya hapo ni uwanja wa kubishana.

Kipenyo unakipata kwa kupima mzingo na kugawa kwa 3.14. Kimo ndicho kinachowatisha watu, na bila sababu. Tafuta fimbo iliyonyooka. Nyoosha mkono mbele yako na uishike fimbo wima, ili sehemu inayobaki juu ya ngumi iwe na urefu sawasawa na umbali kutoka jichoni hadi kwenye ngumi. Sasa rudi kinyumenyume huku unauangalia mti, mpaka ngumi ilingane na kitako cha mti na ncha ya fimbo ilingane na kilele. Umbali kutoka hapo ulipo hadi kwenye shina ndio kimo cha mti. Kwenye mteremko njia hii inadanganya, na wilayani Mufindi miteremko ni mingi kuliko tambarare, kwa hiyo usipande wala usishuke. Rudi nyuma ukifuata usawa wa mti. Fimbo haitakupa jibu la maabara. Inakosea kwa mita moja hivi, na kwa kazi tunayoitaka, mita moja haivunji ndoa.

Baba yangu mdogo ana shamba nje kidogo ya Mafinga. Alipanda kwa nafasi ya mita 2 kwa 2, kama wengi walivyopanda wakati ule, maana miche aliipata kwa bei nzuri na ardhi ilionekana kubwa. Nafasi hiyo inatia miti kama 1,000 kwenye ekari moja. Tulipima pamoja. Mti wa katikati ya shamba: mzingo sentimita 57, kwa hiyo kipenyo kama 18, kimo mita 19. Uwiano, 105. Mti wa mstari wa nje, kando ya njia: mzingo sentimita 88, kipenyo 28, kimo mita 18 na nusu. Uwiano, 66. Mbegu ile ile, siku ile ile ya kupanda, umbali kati yao hata hatua 40 haufiki.

"Huo wa nje umekula samadi," baba mdogo akasema. "Ng'ombe wanapita hapa kila jioni."

Nikamwambia inawezekana, baba, lakini twende upande wa pili, wa korongoni, ambako ng'ombe hawafiki. Tukaenda. Mstari wa nje nao ulikuwa na vifua vipana hivyo hivyo, na matawi mabichi yakishuka karibu na nyasi. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi ni jua." Hapo akawa ameligusa jambo lenyewe.

Urefu wa msindano unaamuliwa zaidi na udongo, mvua na mbegu. Uubane, usiubane, utaendelea kupanda kwa kasi ileile au karibu na hapo. Unene ndio unaosikiliza nafasi. Mti ukizungukwa, mwanga unaupata kwa juu peke yake. Matawi ya chini yanakosa kazi, yanakauka, na sehemu yenye majani mabichi inazidi kukimbilia kileleni. Chakula kidogo kinachotengenezwa huko juu kina walaji wake wa kwanza: kilele, majani mapya, ncha za mizizi. Kunenepesha shina sehemu ya chini ni karibu jambo la mwisho kwenye orodha. Ndiyo maana ukikata mti wa katikati ya shamba lililobanana utaona kwenye kisiki pete pana za miaka ya mwanzo, halafu ghafla zinakuwa nyembamba kiasi kwamba kuzihesabu kunataka miwani. Mwaka pete zilipobadilika ndio mwaka matawi ya jirani yalipogusana. Kisiki kinakutajia.

Sasa upepo. Upepo unasukuma kichwa cha mti, na shina lote chini ya kichwa hicho ni mtaimbo. Kadiri kichwa kinavyokuwa juu, ndivyo mtaimbo unavyokuwa mrefu na mzigo pale chini unavyokuwa mkubwa. Kinachopokea mzigo huo ni kipenyo, na hapa ndipo hesabu inaposhangaza: nguvu ya shina kuhimili kupindwa haiendi sambamba na kipenyo, inakwenda na kipenyo mara kipenyo mara kipenyo. Chukua miti ile miwili niliyotaja mwanzo, wa sentimita 20 na wa sentimita 25, yote ya mita 20. Kwa jicho huoni tofauti ya maana. Ni upana wa vidole vitatu. Lakini 25 ikigawanywa kwa 20, unapata 1.25, na 1.25 mara 1.25 mara 1.25 ni karibu 2. Shina moja linahimili maradufu ya lingine. Kwa miti ya baba mdogo, wa sentimita 28 dhidi ya wa sentimita 18, tofauti ni zaidi ya mara tatu na nusu.

Niwe mkweli hapa, kwa sababu kuna watu wa fizikia wanasoma. Mti wa nje una kichwa kikubwa, kwa hiyo unakamata upepo mwingi zaidi pia. Faida yake haibaki yote mkononi. Lakini kichwa hicho kimeshuka chini, kitovu cha mzigo kiko chini, na mizizi iliyolishwa na majani yote hayo imetambaa mbali. Mti wa katikati una fungu dogo la majani juu kabisa ya mlingoti wa mita 19, mahali pabaya kuliko pote pa kuweka mzigo.

Kuna kitu kingine ambacho mti wa nje ulikipata na wa ndani ukakikosa: mazoezi. Mwingereza Thomas Knight aliandika mwaka 1803 kuhusu michanga ya mitofaa aliyoifunga ili isiyumbe na mingine aliyoiachia upepo. Iliyoyumba ndiyo iliyonenepa vizuri. Karne moja na nusu baadaye, Australia, mtaalamu wa misitu aitwaye Jacobs alifunga misindano ya aina ya radiata kwa waya ili shina lisipepesuke. Majibu yake, aliyoyachapisha mwaka 1954, yalikuwa kwamba iliyofungwa ilipunguza kunenepa sehemu ya chini ya shina, na waya zilipotolewa ilishindwa kujisimamia kwenye upepo ambao jirani zake ziliuona wa kawaida. Mti unajenga unene pale unapopata msukosuko. Mti wa katikati ya shamba lililobanana haukuwahi kuupata. Majirani waliupokea kwa niaba yake.

Na hapo ndipo penye mtego. Shamba lililobanana linaweza kusimama miaka mingi bila tatizo, kwa sababu vichwa vinagongana, vinazuiana, na upepo unateleza juu bila kupata pa kuingilia. Abiria waliosimama kwenye daladala iliyojaa hadi mlangoni hawaanguki dereva akifunga breki. Hakuna nafasi ya kuangukia. Nusu wakishuka Ubungo, breki inayofuata ndiyo inayowaangusha waliobaki. Mti wenye uwiano wa 105 ndani ya shamba zima ni abiria wa aina hiyo. Siku utakayofungua njia, kwa kukata mstari wa nje ili upate ada ya shule, au kwa kuuza kipande cha katikati, umeshusha abiria.

Somo kubwa la jambo hili halikutoka kwetu, lilitoka Sweden. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Januari 2005 dhoruba waliyoiita Gudrun ilipita kusini mwa nchi hiyo. Kwenye kisiwa cha Hanö upepo ulipimwa ukifika mita 42 kwa sekunde, sawa na kilomita 150 kwa saa. Ilipotulia, miti yenye ujazo wa mita za ujazo milioni 75 ilikuwa chini, karibu sawa na kile ambacho nchi nzima huvuna kwa mwaka. Na hawa si watu wanaobahatisha misitu; wameipima, wameiandika na wameifundisha kwa vizazi. Magogo yaliyookolewa yalirundikwa kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa Byholma na kumwagiwa maji ili yasioze, rundo la kilomita kadhaa. Baadaye wakaja wadudu wa magome kumalizia yaliyobaki msituni.

Sehemu kubwa ya kilichoanguka ilikuwa sprusi, mti wa jamii moja na msindano wetu, uliopandwa peke yake kwenye maeneo mapana. Mizizi yake haizami sana, na majira yale ya baridi ardhi ilikuwa laini, haijaganda. Lakini kinachonivutia zaidi ni kwamba mashamba yaliyokuwa yamepunguzwa miti karibuni, hasa yaliyopunguzwa yakiwa tayari marefu, ndiyo yaliyoumia vibaya. Yaani wenye mashamba waliofanya kile tunachokihubiri sisi, kupunguza miti, ila kwa kuchelewa, walijikuta wamefungua mlango wakati upepo uko barazani.

Mtu mvivu angesoma hapo na kusema: basi tusipunguze. Nimeisikia hoja hiyo, na si ya kijinga. Mti uliopunguziwa majirani unahitaji miaka kadhaa kunenepa na kutandaza mizizi kabla haujawa na nguvu ya kujitegemea, na katika miaka hiyo ni dhaifu kuliko ulivyokuwa jana. Ukipunguza msindano wa mita 8, udhaifu huo hauna madhara, kwa sababu mtaimbo bado mfupi. Ukipunguza msindano wa mita 20, unacheza kamari. Hoja yangu ni kwamba upunguzaji una umri wake, na umri huo ukipita, kazi ileile iliyokuwa dawa inageuka kuwa sumu. Dalili ni rahisi kuliko kalenda yoyote: ingia mistari ya ndani, tazama matawi ya chini. Yakianza kukauka, muda umefika. Yakiwa yameshakauka mpaka nusu ya mti, umechelewa. Yakibaki mabichi theluthi moja tu ya juu, ongea na mnunuzi, usiongee na panga.

Huku kwetu wakulima wengi hawapunguzi kabisa, na sababu nazielewa vizuri kuliko wataalamu wanaokuja na magari ya mradi. Mti ni akiba. Kumwambia mama aliyebeba miche kichwani akate nne katika kila kumi, tena ikiwa bado haiuziki kama mbao, ni kumwambia achome noti. Programu ya Panda Miti Kibiashara, iliyoanza mwaka 2014 kwa ushirikiano wa serikali yetu na Finland, ilihimiza sana utunzaji wa mashamba ya watu binafsi, na shamba la serikali la Sao Hill liko hapo hapo Mufindi, mtu anaweza kupita barabarani akaona miti iliyopewa nafasi. Lakini kuona si kushawishika. Madalali wengi wananunua kwa kuhesabu miti, hawanunui kwa kipimo cha ujazo, na bei ikiwa kwa shina, mwenye mashina mengi ndiye tajiri. Hapo uwiano wa kimo na kipenyo unamsaidia nani?

Kibaya zaidi ni namna ya kupunguza inayofanyika bila kuitwa kupunguza. Shida ikiingia nyumbani, msiba au mtoto kufaulu kwenda bweni, mwenye shamba anamwita mnunuzi, na mnunuzi anachagua. Anachagua nini? Minene, bila shaka. Anapita na rangi yake, anaweka alama kwenye kila mti wenye kifua, na wiki ya pili yake shamba limebaki na vijiti virefu, kila kimoja na uwiano wa 110 au 120, vimesimama mbalimbali, vikiyumba. Nguzo za shamba zimeuzwa na kilichobaki ni paa. Nimepita kwenye mashamba ya namna hiyo siku ya upepo wa kawaida tu, si dhoruba, nikasikia vilele vikigongana na matawi makavu yakidondoka, nikatoka haraka. Kama kuna jambo moja ningeomba lipigwe marufuku kwenye vikao vya vijiji kwa ukali ule ule wa moto, ni hili la kuuza minene na kuacha myembamba. Mpangilio sahihi ni kinyume chake: toa iliyopinda, yenye vilele viwili, iliyodumaa, na ile mirefu myembamba inayotafuta mwanga kwa kukata tamaa, acha yenye vifua. Kinachotoka kinauzika kama mirunda ya kushikilia zege, au fito, au kuni. Bei yake hainunui bati, lakini si bure.

Matawi nayo yana hesabu yake. Kupogolea kunasaidia mbao kutokuwa na vifundo, na kunapunguza njia ya moto kupanda juu. Lakini nimeona mashamba yaliyopogolewa kwa sababu ya kuni peke yake, mpaka mti unabaki na kishungi tu kileleni. Mwenye shamba anadhani amepunguza tanga, kwa hiyo upepo hautakamata kitu. Kwa msimu wa kwanza huenda yuko sahihi. Baada ya hapo shina halina tena majani ya kulilisha. Linaendelea kurefuka kidogo kidogo na kunenepa kunasimama. Uwiano unapanda kila mwaka kwa mkono wa mwenyewe.

Upande wa pili uko mchanaji wa mbao, na yeye hapendi kabisa mti wangu wa 66. Nilipomwonyesha mmoja msindano wa mstari wa nje, alicheka. Shina pana chini na jembamba juu, matawi hadi kiunoni, vifundo kila futi. Gogo la hivyo likichanwa, nusu inakwenda kwenye mabanzi na unga. Anachotaka ni gogo lenye unene unaolingana chini na juu, na gogo la hivyo linatoka kwenye mti uliobanwa kiasi. Ana haki. Ndiyo maana sisemi tupande kila mti peke yake uwanjani ukue kama mwembe. Nafasi ya mita 3 kwa 3, inayotoa miti kama 450 kwa ekari, ni maelewano kati ya mchanaji na upepo: shina linabanwa ujanani kiasi cha kunyooka, kisha linafunguliwa mapema kabla halijakonda. Shabaha iwe 75, 80 hivi. Chini ya hapo unamnyima mchanaji, juu ya hapo unamkaribisha upepo.

Na uwiano si pepo wa kuagua. Watu wa Ulaya waliuthibitisha vizuri zaidi kwa theluji, ambayo inakaa juu ya kichwa cha mti na kukivunja, kuliko kwa upepo. Kwa upepo, urefu wenyewe una uzito mkubwa: shamba la mita 25 liko hatarini kuliko la mita 12 hata kama namba zake ni nzuri. Wakati mwingine mti mnene unaotokeza juu ya wenzake ndio unaong'oka, kwa sababu umejitokeza. Watafiti wa Scotland walifunga miti kwa kamba za winchi na kuivuta mpaka ikaanguka, tena na tena, wakakuta kwamba nguvu ya kung'oa mti inafuata uzito wa shina lake, pamoja na aina ya udongo na kina cha mizizi. Kwa hiyo ukipima futikamba tu bila kutazama chini ya ardhi, umesoma nusu ya barua.

Chini ya ardhi kwetu tatizo linaanzia kwenye kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche. Mche ukikaa kitaluni kupita muda wake, mzizi unafika chini ya kiriba, haupati pa kwenda, unajizungusha. Ukipandwa hivyo unabaki hivyo. Miaka 10 baadaye mti umelala na ukitazama kitako chake unakuta mizizi imejisokota ndani ya duara la upana wa kiriba kilekile, kana kwamba haikuwahi kuambiwa kwamba imetoka. Mti wa namna hiyo unaweza kuwa na uwiano wa 70 na bado ukalala mchana kweupe. Kata sentimita chache za chini ya kiriba kabla ya kupanda, vua plastiki yote, nyoosha mzizi. Kazi ya sekunde chache kwa mche.

Wala usichukue namba hizi ukaenda nazo kwa kila kinachoitwa mti. Milingoti, yaani mikaratusi, inayokua kwa kasi inapita 100 ikiwa michanga na mingi inasimama tu. Mbao yake ina nguvu nyingine. Mnazi ndio kabisa: shina lake likishatoka halinenepi tena, kwa hiyo kila mwaka unaporefuka uwiano wake unazidi kuharibika, na bado minazi mizee ya pwani imesimama, inapinda, makuti yanajikunja upande mmoja na upepo unapita. Hata hivyo kila kitu kina kikomo chake. Kimbunga cha Aprili 1872 kilifyeka sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya Pemba kuwa kisiwa cha karafuu mpaka leo. Kwa upepo wa kiwango hicho hakuna futikamba inayosaidia. Ninachozungumzia mimi ni dhoruba za kawaida, zile za kati ya Desemba na Aprili, zinazokuja na radi alasiri na kuondoka baada ya nusu saa, zikiacha shamba moja limelala na la jirani limesimama.

Nimeulizwa na wasomaji wawili watatu, baada ya kutaja jambo hili kwa kifupi, wafanye nini na shamba ambalo tayari lina miaka 12 au 14, halijaguswa, na namba zake ziko juu ya 100. Sina jibu tamu. Kupunguza sasa kwa mkupuo, kuondoa nusu, sikushauri hata kidogo. Ukiwa na subira, toa kidogo sana, mti mmoja kati ya sita au saba, myembamba tu, mvua zikiisha ili miti ipate kiangazi chote cha kuzoea kabla ya dhoruba, na usiguse mistari mitatu minne ya nje kwa sababu yoyote. Hiyo ndiyo ukuta wako. Rudia baada ya miaka miwili, baada ya kupima. Kama vilele vimeshapita mita 20 na matawi mabichi yamebaki robo, mimi nisingepunguza kabisa. Ningeuza shamba lote kwa vipande, kwa zamu.

Zamu hiyo ina mpangilio. Upepo wetu wa kudumu ni kusi, unatoka kusini mashariki, ingawa dhoruba za radi zinaweza kutoka upande wowote. Kwa hiyo kipande cha kwanza kikatwe upande wa kaskazini magharibi, na uendelee kuvuna ukiufuata upepo unakotoka, ili ukuta wa zamani wa nje ubaki umesimama mpaka gogo la mwisho. Baba mdogo ameshakubali kuanzia korongoni, ambako ndiko kaskazini magharibi kwake. Tatizo lake ni kwamba mnunuzi anataka kuanzia barabarani, kwa sababu ya gari, na bei aliyotoa kwa kuanzia korongoni ni ndogo kuliko ya barabarani. Bado wanavutana. Safari hii atapanda mita 3 kwa 3, na mashimo ya mstari wa kwanza ameshayapima mwenyewe kwa kamba.